Granaiti Iliyogeuka Udongo: Kisa cha Kaolini ya St Austell

Katika ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, kwenye nyanda za juu zilizo kaskazini ya mji wa St Austell katika eneo la Cornwall, kuna mwamba unaomshangaza kila anayeuona kwa mara ya kwanza. Kwa macho ni granaiti isiyo na kasoro: punje za kwatzi za kijivu zimekaa mahali pake, vipande vya ulanga vinameremeta, na fuwele za feldispa, madini yanayounda sehemu kubwa ya granaiti, baadhi yake zenye urefu wa sentimita kadhaa, zina pembe zake zote na mpangilio wake wa asili. Lakini mtu akiibonyeza fuwele hiyo kwa kidole, inalegea na kuacha unga mweupe laini kama uliochekechwa. Granaiti, ambayo kwa kawaida hulipuliwa kwa baruti ndipo ivunjike, hapa ilibomolewa kwa miaka mingi kwa mizinga ya maji peke yake.

Jambo la kwanza la kuweka wazi ni kwamba mwamba huu haukusagwa. Mara nyingi tukifikiria udongo tunafikiria kitu kilichomeguka mlimani, kikasukumwa na mto, kikasagika njiani hadi kikawa laini. Hapa hakuna kilichosafiri. Mishipa ya kwatzi inayokatiza mwamba mgumu huendelea hadi ndani ya mwamba uliolainika bila kupinda wala kukatika, na huo ni ushahidi kwamba kila punje iko pale pale ilipozaliwa. Umbo limebaki, dutu iliyokuwa ndani ya umbo hilo ndiyo iliyobadilishwa. Unga huo mweupe ni kaolini, na madini yake makuu ni kaolinaiti.

Kisa hiki kina maswali matatu yanayofungamana. Ni nini kilichoigeuza feldispa kuwa kaolinaiti? Kwa nini mageuzi hayo yamefika kina cha zaidi ya mita 200 mahali pengine, wakati mwamba uliooza kwa mvua na hewa aghalabu huishia karibu zaidi na uso wa ardhi? Na kwa nini, hatua chache kando, granaiti ya aina ileile imebaki ngumu kama ilivyopoa?

Udongo huu ulianza kutafutwa na wafinyanzi wa Ulaya muda mrefu kabla wanajiolojia hawajauliza umetoka wapi. Barua za padri Mjesuiti François Xavier d'Entrecolles, alizoziandika mwaka 1712 na 1722 kutoka Jingdezhen nchini China, ndizo zilizowaeleza watu wa Ulaya jinsi kauri nyeupe ilivyotengenezwa na jinsi udongo wake ulivyohitajika. Jina kaolini lenyewe limetokana na Gaoling, mahali karibu na mji huo. William Cookworthy, mfamasia wa Plymouth, aliutambua mwamba wa namna hiyo katika kilima cha Tregonning huko Cornwall katika miaka ya 1740, na mwaka 1768 akapata hataza ya kutengeneza kauri kwa malighafi hizo. Kwa wafinyanzi hilo lilitosha. Kwa anayetaka kuelewa mwamba, hapo ndipo kazi inapoanza.

Mwamba kabla ya kugeuka

Granaiti za Cornwall na Devon ziliganda kutokana na magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, iliyopanda ndani ya miamba ya mashapo kati ya takriban miaka milioni 300 na 270 iliyopita. Leo zinaonekana juu ya ardhi kama visiwa vilivyotengana, yaani Dartmoor, Bodmin Moor, St Austell, Carnmenellis, Land's End na visiwa vya Scilly, lakini kwa chini zimeungana na kuwa tungamo moja. Zaidi ya nusu ya mwamba wa aina hii ni feldispa, nayo iko ya namna mbili: ile yenye potasiamu, na ile yenye sodiamu pamoja na kalsiamu kidogo, ambayo wanajiolojia huiita plajioklesi. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni kwatzi, kisha ulanga.

Feldispa ni madini yaliyozaliwa katika joto la mamia ya nyuzi za Selsiasi, chini ya mgandamizo mkubwa, mahali ambapo maji yalikuwa machache. Ndani yake atomi za silikoni na alumini zimeshikana na oksijeni katika kiunzi cha pande zote, na ioni za potasiamu au sodiamu zimejaza nafasi zilizobaki. Kiunzi hicho ni imara kule kilikojengwa. Kikifikishwa kwenye maji ya baridi yenye asidi kidogo, kinakuwa ugenini. Mvua inayopitia hewani huyeyusha hewa ya kaboni na kuwa asidi dhaifu yenye pH ya takriban 5.6, na ikipita kwenye udongo wenye mizizi na viumbe hai huongezewa asidi zaidi. Ioni ya haidrojeni iliyomo katika maji hayo ni ndogo; hupenya kwenye uso wa fuwele, hukaa mahali pa potasiamu, na potasiamu huondoka na maji. Baada ya hapo vifungo vya kiunzi huanza kukatika kimoja baada ya kingine.

Sehemu muhimu ya mageuzi haya ni tofauti ya tabia kati ya silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, na alumini. Silika iliyofunguliwa huyeyuka, kwa kiasi kidogo lakini bila kukoma, na huchukuliwa na maji. Alumini, katika maji yasiyo na asidi kali wala besi kali, karibu haiyeyuki kabisa. Kwa hiyo inabaki pale ilipo, inajikusanya na sehemu ya silika iliyosalia, inapokea maji ndani ya muundo wake, na kujenga madini mapya yaliyopangwa kwa karatasi nyembamba: kaolinaiti, ambayo takriban asilimia 46 ya uzito wake ni silika, asilimia 40 ni alumina (oksidi ya alumini), na asilimia 14 ni maji. Udongo, basi, ni masalio yaliyojipanga upya. Ndani yake mmebaki kile ambacho maji hayakuweza kukichukua.

Plajioklesi huanza kushindwa kabla ya feldispa ya potasiamu, na kwatzi pamoja na ulanga mweupe huwa vya mwisho kuguswa. Mpangilio huu wa udhaifu wa madini, ambao mwanajiolojia Samuel Goldich aliuchapisha mwaka 1938 kwa ujumla wake, unaonekana wazi ukingoni mwa mwamba uliogeuka huko St Austell: kuna mahali ambapo plajioklesi imekwisha kuwa udongo huku fuwele kubwa za feldispa ya potasiamu zikiwa bado ngumu ndani ya unga huo. Mtu akichukua kipande cha namna hiyo mkononi anashika mageuzi yaliyosimama katikati ya safari.

Hesabu ya maji

Watu wengi wanaoeleza kisa hiki hutaja mmenyuko wa kikemia kisha wakaendelea, kana kwamba ukishaujua mmenyuko umekwisha kulijua jambo. Mimi naona kiini cha kisa kimo katika kiasi, kwa hiyo hesabu hii inastahili kufanywa polepole.

Kilo 100 za feldispa ya potasiamu, zikigeuka zote, hutoa takriban kilo 46 za kaolinaiti. Ili hilo litokee, kilo 43 hivi za silika na kilo 17 za oksidi ya potasiamu lazima ziachane na kiunzi, na kilo 6 na nusu za maji ziingie katika muundo wa udongo. Kwa kuwa uzito wa kaolinaiti kwa ujazo haupishani sana na wa feldispa, udongo uliozaliwa unajaza chini ya nusu ya nafasi iliyokuwa ya fuwele ya mwanzo. Umbo la fuwele limebaki kwa nje kwa sababu kwatzi na ulanga vinavyoizunguka vimelishikilia, lakini ndani yake zaidi ya nusu ni uwazi. Ndiyo maana kidole huzama. Ule ulaini unaoshangaza hautokani na udongo peke yake. Unatokana pia na nafasi tupu iliyoachwa na vitu vilivyoondoka.

Sasa tuulize: viliondoka kwa maji kiasi gani? Mita moja ya ujazo ya granaiti ina uzito wa takriban kilo 2,650. Tukichukua kwamba asilimia 60 yake ni feldispa, tunapata kilo 1,590, na silika inayopaswa kuondoka ni karibu kilo 680. Maji ya ardhini yanayopita katika miamba ya namna hii mara nyingi hubeba silika ya miligramu chache hadi makumi machache kwa lita. Tukichukua miligramu 20, kila mita ya ujazo ya maji inaondoka na gramu 20 tu. Kwa kiwango hicho zinahitajika zaidi ya mita za ujazo 34,000 za maji kupita ndani ya kila mita moja ya ujazo ya mwamba. Hiyo ni hesabu ya makadirio, na sehemu ya silika inaweza kuganda tena karibu kama kwatzi mpya badala ya kusafiri mbali, jambo ambalo lingepunguza kiasi hicho. Lakini hata tukikigawanya kwa tatu au nne, ukubwa wake unabaki wa kutisha.

Tuibadilishe hesabu hiyo iwe muda. Kama nusu mita ya mvua inazama ardhini kila mwaka na kushuka moja kwa moja ndani ya mwamba, kugeuza mita moja ya kwenda chini kungechukua takriban miaka 68,000, na kugeuza mita 200 kungechukua karibu miaka milioni 14. Katika historia ya granaiti yenye umri wa karibu miaka milioni 280, muda huo unapatikana kwa urahisi. Kigumu kupatikana ni njia. Granaiti isiyo na nyufa karibu haipitishi maji, na mwamba ambao haupitishi maji haugeuki kuwa udongo hata ukipewa muda wote wa dunia. Kwa hiyo swali la nini kiliigeuza granaiti ya St Austell haliwezi kutenganishwa na swali la nini kiliifungulia maji njia.

Kutoka chini au kutoka juu

Kwa muda mrefu wanajiolojia walikuwa na maelezo mawili yaliyopingana, na kila upande ulikuwa na ushahidi mzuri.

Waliosema mageuzi yalitoka chini waliona kwamba kaolini haikutapakaa kama blanketi juu ya granaiti yote. Imekusanyika katika maeneo yenye umbo la faneli au handaki lililosimama wima, mapana juu na membamba kadiri ya kwenda chini, yakifuata mishipa na nyufa. Mahali pengine mwamba uliolainika umepatikana chini ya mwamba ambao haujaguswa, hali ambayo mvua inayozama kutoka juu ingeieleza kwa shida. Zaidi ya hayo, maeneo hayo yanaandamana na alama za maji ya moto: mishipa ya kwatzi na turmalini (madini magumu yenye boroni), mishipa yenye bati, na mikanda ya graiseni, yaani granaiti ambayo feldispa yake ilibadilishwa kuwa ulanga na kwatzi na majimaji ya moto yaliyotoka katika magma yenyewe wakati inapoa. Ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba majimaji yaleyale, yakiwa na florini na boroni, ndiyo yaliyomalizia kazi kwa kutengeneza udongo.

Waliosema yalitoka juu walikuwa na hoja ya hali ya hewa. Katika nyakati za Eosini na Oligosini, takriban miaka milioni 56 hadi 23 iliyopita, sehemu hii ya dunia ilikuwa na joto na unyevu kuliko leo, na miamba iliyokuwa juu ya ardhi ilioza kwa kina. Ushahidi wake umehifadhiwa katika bonde la Bovey huko Devon, ambako mashapo ya wakati huo yana tabaka nene za udongo wenye kaolinaiti nyingi ulioletwa na mito. Udongo huo wa Bovey, hata hivyo, una chembe ndogo zaidi na fuwele zisizo na mpangilio mzuri kama za kaolini ya St Austell, na kwa sehemu kubwa ulitokana na kuoza kwa miamba ya mashapo iliyozunguka granaiti. Unathibitisha kwamba hali ya hewa ya wakati huo iliweza kuzalisha kaolinaiti; hauthibitishi kwamba ndiyo iliyoizalisha ile ya ndani ya granaiti.

Kilichosogeza mjadala mbele ni kipimo ambacho hakitegemei umbo la eneo wala majirani zake. Maji hayafanani yote: uwiano wa isotopu (atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito) nzito na nyepesi za oksijeni na haidrojeni ndani ya maji ya mvua hutofautiana na ule wa maji yaliyotoka katika magma. Kaolinaiti inapojengwa huingiza oksijeni na haidrojeni ya maji yaliyopo, na kiwango cha kuingiza hutegemea joto, kwa hiyo ndani ya udongo mna kumbukumbu ya maji yaliyoutengeneza. Mwaka 1977 mwanasayansi Simon Sheppard alichapisha vipimo vya namna hiyo vya granaiti za kusini-magharibi mwa Uingereza. Madini ya hatua za moto, kama ulanga wa graiseni, yalikuwa na alama za joto kubwa. Kaolinaiti ilikuwa na alama za maji ya mvua na joto dogo.

Matokeo hayo yaliyaondoa maelezo ya zamani ya majimaji ya magma, na kwa haki. Lakini ni lazima tuwe waangalifu kuhusu kile ambacho hayakusema. Alama ya mvua ndani ya udongo inatuambia maji yalitoka wapi. Haituambii yalipita njia gani kabla ya kukutana na feldispa. Maji ya mvua yanaweza kuzama moja kwa moja kutoka juu. Yanaweza pia kushuka kilomita moja au zaidi kupitia nyufa, yakapata joto la wastani, kisha yakapanda upande mwingine. Ukali wa joto ndio unaokataliwa na isotopu. Mzunguko wa maji ya uvuguvugu haukataliwi kwa namna hiyohiyo.

Na hapa granaiti ya Cornwall ina sifa inayostahili kupewa uzito. Ina uraniamu, thoriamu na potasiamu kwa wingi kuliko granaiti nyingi, na kuoza kwa elementi hizo za kinururishi kunaipa joto lake yenyewe, mamilioni ya miaka baada ya joto la magma kwisha. Joto linalotoka ardhini juu ya granaiti hizi hufikia takriban miliwati 120 kwa kila mita ya mraba, karibu mara mbili ya wastani wa Uingereza. Kisima cha jotoardhi cha United Downs, kilichokamilika kuchimbwa mwaka 2019 kwa zaidi ya mita 5,000 ndani ya granaiti ya Carnmenellis, kilikuta joto la zaidi ya nyuzi 180. Mwamba wenye joto la namna hiyo, ukiwa na nyufa, husukuma maji yazunguke: yaliyo baridi hushuka pembeni, yaliyopata joto hupanda. Na joto, hata la wastani, hufanya kazi kubwa. Kupanda kutoka nyuzi 15 hadi 60 kunaweza kuharakisha kuyeyuka kwa feldispa kwa mara 20 hadi 30, kwa kutumia viwango vya kawaida vinavyopimwa maabara, na maji ya nyuzi 60 huweza kubeba silika maradufu na zaidi ya yale ya baridi. Zile mita za ujazo 34,000 tulizozikadiria hupungua kwa nusu au zaidi bila kuhitaji tone lolote la majimaji ya magma.

Kwa maoni yangu, ugomvi wa juu na chini uliendelea kwa muda mrefu kwa sababu pande zote mbili zilidhani kwamba kilichoandamana na udongo ndicho kilichoutengeneza. Mishipa ya turmalini na graiseni iko pamoja na kaolini kwa sababu ileile inayoufanya mlango uwe pamoja na njia. Hatua za moto zilipasua mwamba, zikaacha mishipa na nyufa zilizosimama wima, zikadhoofisha plajioklesi kandokando yake; kisha, muda mrefu baadaye, maji ya mvua yalipata pa kupita. Umbo la faneli linaonyesha nyufa ziko wapi. Isotopu zinaonyesha ni maji gani yaliyozitumia. Ushahidi wa upande mmoja haukuwahi kuupinga wa upande mwingine. Ulikuwa unajibu swali jingine. Katika maelezo haya, hata mwamba uliolainika chini ya mwamba mgumu unaeleweka, kwa kuwa maji yanayopanda au kusogea kando ndani ya ufa hayalazimiki kugusa kila kilicho juu yake.

Mahali ambapo nyufa zilikuwa chache, maji hayakupita kwa wingi uliotakiwa, na granaiti ilibaki granaiti. Hatua chache zinatosha kutenganisha hali hizo mbili.

Weupe, na aina ya udongo uliopatikana

Kaolini ya St Austell inasifika kwa weupe wake, na weupe huo nao ni sehemu ya kisa. Granaiti za kawaida zina ulanga mweusi wenye chuma. Ukioza, chuma hicho huwa kutu na kuupaka udongo rangi ya hudhurungi au nyekundu. Sehemu ya magharibi ya granaiti ya St Austell ilikuwa na chuma kidogo tangu mwanzo, ikiwa na aina za ulanga zenye lithiamu badala ya ulanga mweusi mwingi. Kisha hatua za moto ziliendelea kuusafisha mwamba: ulanga mweusi uliobadilishwa uliachia chuma chake, na sehemu ya chuma hicho ikafungwa ndani ya turmalini, madini magumu yasiyoyeyuka kwa urahisi. Mvua ilipofika ilikuta mwamba ambao karibu hauna cha kuuchafua. Mvua pekee, katika granaiti ya kawaida, ingetoa udongo mwekundu.

Hata kupata kaolinaiti, badala ya udongo wa aina nyingine, hakukuwa jambo la lazima. Feldispa ileile, maji yakisuasua na kuacha potasiamu ibaki karibu, hugeuka kuwa ilaiti, udongo unaoifunga potasiamu kati ya karatasi zake. Penye sodiamu, kalsiamu au magnesi ambayo haijachukuliwa, huzaliwa smektaiti, udongo unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Na kweli smektaiti imepatikana katika mwamba wa Cornwall uliogeuka nusu, pale ambapo plajioklesi ilikuwa imeanza kulegea lakini maji hayajapita ya kutosha. Maji yakiwa mengi mno na ya haraka mno kwa muda mrefu, hata silika ya kaolinaiti huondolewa na kubaki gibsaiti, ambayo ni mojawapo ya madini ya boksiti. Kaolinaiti ni alama ya mwamba uliooshwa vya kutosha kupoteza metali zake zinazoyeyuka kwa urahisi, kama potasiamu na sodiamu, lakini haukuoshwa hadi kupoteza silika yake yote. Anayepata udongo mahali popote na kutambua aina yake amekwisha kujua jambo kuhusu mwendo wa maji ya mahali hapo.

Kuna pia suala la kuhifadhiwa. Mwamba uliolainika kiasi hiki ni dhaifu, na barafu kubwa za zama za barafu zingeukwangua wote kwa urahisi. Cornwall ilikuwa kusini ya mpaka wa barafu hizo, hivyo udongo wake ulisalimika. Katika nchi za Skandinavia, ambako barafu ilipita, mabaki ya kaolini ya zamani yamesalia hasa pale yalipokuwa yamefunikwa na mashapo yaliyoyakinga.

Uchimbaji nao umekuwa kama jaribio kubwa la kupima kiasi gani cha mwamba kiligeuka. Kwa kila tani ya kaolini iliyouzwa, takriban tani 9 za mchanga wa kwatzi, ulanga na granaiti isiyogeuka zimewekwa kando, na vilima vyeupe vilivyotokana na mabaki hayo vimekuwa sura ya nchi kuzunguka St Austell. Uwiano huo haupingani na hesabu ya awali. Feldispa hutoa chini ya nusu ya uzito wake kama udongo, si feldispa yote iliyogeuka, na mwamba mgumu uliosalia kati ya maeneo laini lazima uondolewe ili kufikia udongo wenyewe.

Maji ya migodini

Ushahidi ninaouthamini zaidi katika kisa hiki hautoki kwenye mashimo ya kaolini. Unatoka kwenye migodi ya bati ya Carnmenellis, zaidi ya kilomita 30 upande wa kusini-magharibi. Wachimbaji huko walikutana tangu karne ya 19 na maji ya moto yenye chumvi yaliyochuruzika kutoka katika nyufa za granaiti, baadhi yake yakiwa na joto la takriban nyuzi 50, na lithiamu kwa kiwango kisicho cha kawaida. Kwa chumvi yake mtu angedhani ni maji ya bahari yaliyoingia kupitia nyufa, au masalio ya magma. Uchunguzi wa isotopu na kemia uliofanywa katika karne ya 20 ulionyesha kwamba asili yake ni mvua, na kwamba chumvi na lithiamu vilitoka ndani ya granaiti yenyewe, katika plajioklesi na ulanga ambavyo maji yalivimenyua yalipokuwa yakizunguka.

Maana yake ni kwamba mzunguko tuliouhitaji ili kueleza kaolini haukuwa wa zama zilizopita peke yake. Mvua bado inashuka, mwamba bado una joto lake, na maji bado yanarudi yakiwa yamebeba sodiamu, lithiamu na silika. Mwendo wake leo ni mdogo na njia zake ni chache, tena migodi yenyewe imeivuruga mizunguko hiyo kwa kuyavuta maji kuelekea kwenye mahandaki, kwa hiyo hatuwezi kuchukua kasi ya sasa na kuirudisha nyuma kama kipimo cha kasi ya zamani. Lakini kile kinachotoka kwenye ufa wa mgodi, kikiwekwa kwenye chupa na kupimwa, ni vitu vilevile ambavyo havimo tena ndani ya fuwele nyeupe za St Austell.